Bunduki mikononi mwa raia Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila shambulio kubwa linapotokea Marekani, maswali yaleyale hurudi. Hapa yamekusanywa na kujibiwa, kuanzia misingi hadi mambo ya pembeni. Unaweza kusoma jibu lolote peke yake. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Wanabishania nini hasa, ilhali bunduki zimeruhusiwa tayari?

Kuwepo kwa bunduki si ndiyo kiini cha ugomvi. Ugomvi uko kwenye mambo sita: nani auziwe, auziwe silaha ya aina gani, achunguzwe vipi kabla ya kukabidhiwa, aitunze vipi nyumbani, atembee nayo wapi, na anyang'anywe kwa utaratibu gani akionekana kuwa hatari. Kila moja lina sheria zake, na mtu anaweza kukubali hili akakataa lile. Wapo wenye bunduki kumi kabatini wanaotaka kila mnunuzi achunguzwe, na wapo wasio na hata moja wanaopinga kupiga marufuku aina fulani.

Kwa hiyo ukisikia mwanasiasa "anaunga mkono udhibiti", uliza ni lipi kati ya hayo sita. Bila hivyo hujaambiwa kitu.

2. Katiba inasema nini?

Marekebisho ya Pili yalianza kutumika 15 Desemba 1791. Ni sentensi moja tu, ambayo kwa Kiswahili inakaribia hivi: kwa kuwa jeshi la wananchi lenye utaratibu mzuri ni la lazima kwa usalama wa dola huru, haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba isivunjwe.

Kambi moja inasoma nusu ya kwanza kuwa ni sharti: haki ipo kwa ajili ya jeshi la wananchi, basi. Kambi nyingine inaiona ni utangulizi tu, na haki ni ya kila mtu. Mahakama ya Juu ilichukua upande mwaka 2008. Tazama swali la 13.

3. Kwa nini sheria hazifanani nchi nzima?

Serikali ya shirikisho huweka sakafu, majimbo 50 hujenga juu yake. California inamtaka mnunuzi asubiri siku 10. Illinois inamtaka awe na kitambulisho maalumu cha mwenye bunduki kabla hata ya kuingia dukani. Texas, tangu 2021, inamruhusu mtu mzima asiye na kosa kutembea na bastola bila kibali chochote, na kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa na msimamo huo.

Mipaka ya majimbo haina vizuizi. Chicago imepakana na Indiana, ambako masharti ni mepesi. Jiji lilipochapisha ripoti yake ya ufuatiliaji mwaka 2017, zaidi ya nusu ya bunduki zilizokamatwa na kufuatiliwa zilikuwa zimenunuliwa mara ya kwanza nje ya Illinois, Indiana ikiongoza. Wapinzani wa udhibiti hupenda kuitaja Chicago kama ushahidi kwamba sheria kali hazisaidii. Hoja hiyo inaruka mpaka.

4. Raia wana bunduki ngapi?

Makadirio yanayotumika zaidi ni ya Small Arms Survey, taasisi ya Geneva: takriban milioni 393 mwaka 2017, yaani 120.5 kwa kila watu 100. Dunia nzima, kwa hesabu hiyohiyo, raia walikuwa na milioni 857. Ni makadirio kwa sababu hakuna daftari la taifa (swali la 8).

Zaidi ya bunduki moja kwa kila mtu haina maana kwamba kila mtu anayo. Katika utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2023, 32% ya watu wazima walisema wanamiliki bunduki. Wachache wana nyingi.

## Dukani na nje ya duka

5. Mtu ananunuaje bunduki kwa muuzaji mwenye leseni?

Anachagua silaha, anatoa kitambulisho chenye picha na anwani, kisha anajaza Fomu 4473. Fomu inamtaka ajibu mwenyewe, kwa mkono wake: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja? Unatumia dawa za kulevya kinyume cha sheria? Umewahi kulazwa kwa amri katika hospitali ya akili? Uko chini ya amri ya zuio kwa ajili ya mwenzi wako? Umewahi kutiwa hatiani kwa ukatili wa nyumbani? Kudanganya ni kosa la jinai hata kama bunduki hukuipata.

Muuzaji hupeleka taarifa kwenye NICS, mfumo wa taifa wa kukagua rekodi za wanunuzi, kwa simu au kompyuta. Mfumo unaendeshwa na FBI huko Clarksburg, West Virginia, ingawa baadhi ya majimbo hufanya ukaguzi wenyewe. Majina hupitishwa kwenye kanzidata tatu, na mara nyingi jibu hurudi ndani ya dakika chache. Linakuwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au kataa.

Umri wa chini kwa bastola ni miaka 21, kwa bunduki ya mtutu mrefu ni 18, isipokuwa jimbo liwe limepandisha. Florida, kwa mfano, ilipandisha hadi 21 kwa zote mwaka 2018.

6. Ukaguzi upo. Mbona wauaji wanapita?

Kuna milango mitatu inayovuja, na wa kwanza ni kwamba wengi wao hawakuwa na rekodi yoyote. Mtu ambaye hajawahi kushitakiwa hana kitu cha kuonekana kwenye kanzidata.

Wa pili ni rekodi isiyofika. Mfumo unajua kile tu ulichoambiwa. Mwaka 2007, aliyeua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech alikuwa ametangazwa na hakimu kuwa ni hatari kwa nafsi yake, lakini amri hiyo haikuingizwa NICS. Mwaka 2017, aliyeua watu kanisani Sutherland Springs, Texas, alikuwa ametiwa hatiani na mahakama ya kijeshi kwa kuipiga familia yake, na Jeshi la Anga halikupeleka taarifa. Baada ya kila tukio Bunge lilitunga sheria ya kuhimiza upelekaji wa rekodi, ile ya Januari 2008 na ile ya 2018.

Wa tatu ni saa. Jibu likiwa "subiri" na siku tatu za kazi zikapita bila uamuzi, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Ndivyo aliyeua watu tisa katika kanisa la Emanuel, Charleston, Juni 2015, alivyoipata bastola yake: mkaguzi alikuwa akitafuta rekodi ya kukamatwa kwake kwenye ofisi isiyo sahihi na muda ukaisha. Tangu 2022, mnunuzi aliye chini ya miaka 21 anaweza kuchunguzwa hadi siku 10 za kazi pakiwa na dalili ya tatizo kwenye rekodi zake za utotoni.

7. "Mwanya wa maonyesho ya bunduki" ni kitu gani?

Jina hilo linapotosha. Muuzaji mwenye leseni hulazimika kufanya ukaguzi popote anapouzia, iwe dukani au kwenye maonyesho. Asiyelazimika, kwa sheria ya shirikisho, ni mtu binafsi anayeuza bunduki yake kwa mkazi mwenzake wa jimbo moja, iwe kwenye maonyesho, sebuleni au kwenye maegesho ya magari. Mwanya hasa ni wa mauzo ya mtu kwa mtu.

Majimbo kadhaa, yakiwemo California, Colorado, New York na Washington, yameuziba kwa kudai kwamba hata mauzo hayo yapite kwa muuzaji mwenye leseni au yafanyiwe ukaguzi. Kitaifa ilijaribiwa Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima sita kuuawa katika shule ya Sandy Hook. Muswada ulipata kura 54 Seneti, zilihitajika 60.

8. Serikali ina daftari la wenye bunduki?

Hapana, na sheria ya 1986 inakataza lisiwepo. Taarifa ya mnunuzi aliyepita ukaguzi lazima ifutwe NICS ndani ya saa 24. Fomu 4473 hubaki kwa muuzaji.

Polisi wakiokota bastola kwenye eneo la uhalifu, huituma namba yake kwa kituo cha ufuatiliaji cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, huko Martinsburg, West Virginia. Kituo humpigia simu mtengenezaji, ambaye humtaja msambazaji, ambaye hulitaja duka, ambalo hufungua mafaili na kumtaja mnunuzi wa kwanza. Kama silaha iliuzwa tena kwa mkono, njia inaishia hapo. Duka likiwa limefungwa, karatasi zake zote ziko Martinsburg kwenye maboksi na mikontena. Wafanyakazi huziskani, lakini zinabaki picha tu: hakuna kuandika jina la mtu na kubonyeza "tafuta". Mtu hupitisha kurasa kwa macho, moja baada ya nyingine.

Wanaopinga daftari wanasema ndiyo hatua ya kwanza ya kunyang'anywa. Wanaolitaka wanasema polisi wa nchi tajiri kuliko zote wanatafuta muuaji kama karani wa mwaka 1968. Zote mbili ni kweli kwa kiasi fulani: New Zealand na Australia zilipokusanya silaha zilitegemea rekodi za leseni, na upelelezi unaosubiri boksi lifunguliwe huchelewa.

## Takwimu na jinsi ya kuzisoma

9. Watu wangapi hufa kwa bunduki kwa mwaka?

Mwaka 2021 walikufa 48,830, idadi kubwa kuliko mwaka wowote uliorekodiwa. Mwaka 2023 walikuwa 46,728. Kati ya hao wa 2023, 27,300 walijiua na 17,927 waliuawa. Waliobaki ni ajali, waliopigwa risasi na polisi, na vifo ambavyo sababu haikuthibitishwa.

Rudia kusoma: zaidi ya nusu ni watu waliojiua. Mjadala wa televisheni huwa juu ya wahalifu na shule, huku kundi kubwa zaidi la vifo likiwa ni la mtu aliye peke yake nyumbani. Fikra za kujiua mara nyingi huja kwa wimbi na kupita, na wengi wanaonusurika jaribio hawafi baadaye kwa kujiua. Ndiyo sababu madaktari husisitiza silaha iwe mbali kwa muda mtu anapopitia kipindi kigumu, kwa ndugu au rafiki kwa mfano, bila hata kungoja sheria. Mwenye fikra hizo, au mwenye ndugu aliye nazo, amwone mhudumu wa afya au mtu anayemwamini leo hii.

10. Kwa nini idadi ya mashambulio ya halaiki hutofautiana hivyo?

Kwa sababu kila mhesabuji ana kipimo chake. Gun Violence Archive huhesabu tukio lolote ambalo watu wanne au zaidi, bila mshambuliaji, wamepigwa risasi, wawe wamekufa au wamejeruhiwa. Hapo huingia magenge, sherehe zilizoharibika na ugomvi wa familia, na hesabu hupanda hadi mamia kwa mwaka. Wengine huhesabu tu matukio ya hadharani yaliyoua watu watatu au zaidi, na kwa mwaka hupata machache sana. Mtu akikupa namba bila kipimo, muulize kwanza wanahesabu nini.

Kwa kipimo chochote, vifo hivyo ni sehemu ndogo ya jumla iliyo kwenye swali la 9. Hofu yake ndiyo kubwa.

11. Bunduki humlinda mwenyewe kweli?

Wakati mwingine ndiyo. Mara ngapi? Hapo ndipo pana ugomvi mkali kuliko wote kati ya watafiti. Utafiti wa Gary Kleck na Marc Gertz uliochapishwa 1995 ulikadiria matukio milioni 2.5 ya kujilinda kwa mwaka. Utafiti mkubwa wa serikali juu ya wahanga wa uhalifu hutoa chini ya 100,000.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi ya kuuliza. Kleck na Gertz waliwapigia simu watu wapatao 5,000, na waliojibu "ndiyo" walikuwa zaidi kidogo ya 1%. Jambo likiwa adimu kiasi hicho, watu wachache tu wanaokosea tarehe, wanaojigamba, au wanaouita ugomvi wa baa "kujilinda" wanatosha kuvimbisha jumla mara kadhaa. Utafiti wa serikali nao una kasoro ya upande wa pili: huwauliza habari za kujilinda wale tu waliokwisha kusema kwamba walitendewa uhalifu, hivyo waliomfukuza mwizi kabla hajafanya kitu huweza kukosekana. Tunaona namba ya chini ina msingi imara zaidi, lakini hakuna inayostahili kutajwa bila maelezo haya.

## Sheria zinazobishaniwa zaidi

12. AR-15 ni silaha ya kivita? Na marufuku ya 1994 ilifanya nini?

Herufi AR zinatokana na ArmaLite, kampuni iliyoibuni bunduki hii ndefu, hazina uhusiano na vita. Umbo lake linafanana na la M16 ya jeshi, lakini ya kiraia ni nusu otomatiki: triga ikivutwa mara moja inatoka risasi moja. Upande wa pili hujibu, nao wana haki, kwamba kasi ya risasi yake na magazini (kasha) ya risasi 30 ndivyo vinavyofanya majeruhi wa shule wasipone.

Marufuku ya shirikisho dhidi ya silaha zilizoitwa za kivita, iliyoanza 13 Septemba 1994, ilidumu miaka 10 kamili na kuisha yenyewe. Ilitaja baadhi ya silaha kwa majina, na nyingine ikazipima kwa sifa: bunduki ndefu ya nusu otomatiki yenye magazini ya kuchomoa ilipigwa marufuku ikiwa na sifa mbili kati ya tano, zikiwemo kitako cha kukunja, mshikio wa bastola na kishikizo cha singe. Watengenezaji walikata kishikizo cha singe, wakaondoa kipunguza mwako mdomoni mwa mtutu, wakaendelea kuuza silaha ileile ndani. Zilizokuwepo kabla ya tarehe hiyo ziliachwa mikononi mwa wenyewe, pamoja na magazini zake. Sehemu yenye uzito, kikomo cha risasi 10 kwa magazini mpya, haikusikika sana.

Na la kukumbuka: mwaka 2020, bunduki ndefu za aina zote, ukiacha shotigani, zilihusika katika 3% ya mauaji ya bunduki ambayo FBI ilikuwa na maelezo yake. Bastola zilikuwa 59%. Nyingi za zilizobaki hazikutajwa aina. Anayetaka kupunguza mauaji ya kila siku anashughulika na bastola. Anayetaka kupunguza idadi ya wafu kwenye shambulio moja anashughulika na magazini.

13. Mahakama ya Juu imeamua nini hadi sasa?

Katika kesi ya Heller, Juni 2008, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba haki ni ya mtu binafsi na inahusu bastola nyumbani kwa kujilinda. Hukumu hiyohiyo ilisema haki haikosi mipaka: marufuku kwa wahalifu na wagonjwa wa akili, kwa maeneo nyeti kama shule, na masharti ya biashara, hazikuguswa. Kesi ya McDonald, 2010, ikaifanya hukumu hiyo iyabane majimbo na miji pia.

Mabadiliko makubwa yalikuja Juni 2022 kwa kesi ya Bruen, 6 kwa 3. New York ilikuwa ikimtaka mtu athibitishe sababu maalumu ndipo apewe kibali cha kutembea na bastola, Mahakama ikaifuta. Ikaongeza kwamba kuanzia sasa sheria ya bunduki itapimwa kwa kulinganishwa na desturi ya kisheria ya nchi hiyo kihistoria, si kwa faida yake kwa usalama. Majaji wa chini wakajikuta wakipekua sheria za karne ya 18 kutafuta inayofanana na ya leo, kila mmoja akatoka na lake. Katika Rahimi, Juni 2024, 8 kwa 1, Mahakama ilitia breki: haihitajiki sheria pacha ya kale, inatosha kanuni moja. Mtu aliye chini ya amri ya zuio kwa ukatili wa nyumbani anaweza kuzuiwa silaha.

14. Amri za kumwondolea mtu silaha kwa muda hufanyaje kazi?

Polisi, na katika baadhi ya majimbo hata ndugu wa familia, hupeleka maombi mahakamani yenye kiapo na ushahidi: vitisho, ujumbe wa simu, tabia ya siku za karibuni. Hakimu akiridhika hutoa amri ya muda mfupi bila mhusika kuwepo. Baada ya siku chache au wiki kadhaa hufanyika kikao kamili, mhusika akiwa na nafasi ya kujitetea, na amri inaweza kuendelea kwa muda wa hadi mwaka hivi. Si kesi ya jinai, na silaha hurudishwa amri ikiisha.

Connecticut ilianza 1999, Indiana 2005. Florida, jimbo linalopenda bunduki, ilijiunga 2018 baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland. Sasa majimbo zaidi ya 20 yanayo.

Lawama kuu ni hiyo amri ya kwanza kutolewa bila mhusika kusikilizwa. Ni lawama ya haki, na dawa yake ni kikao cha haraka na adhabu kwa anayeapa uongo. Tatizo la vitendo ni jingine: pale ambapo hakuna aliyewafundisha polisi na wananchi namna ya kuomba, sheria hukaa kitabuni.

15. Ni sheria zipi zina ushahidi wa kufanya kazi?

Shirika la RAND, linalopitia tafiti zote kwa vigezo vilevile, linaona ushahidi imara kwamba sheria za kumwajibisha mwenye bunduki anayeiacha mahali ambapo mtoto anaifikia hupunguza vifo vya vijana, na kwamba sheria zinazomruhusu mtu kuua kwa kujilinda hadharani bila wajibu wa kurudi nyuma kwanza, kama ya Florida ya 2005, huongeza mauaji. Leseni ya kununua bastola nayo ina matokeo ya kutia moyo: Missouri ilipoifuta 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuta mauaji ya bunduki yamepanda. Kwa kuzuia magazini kubwa ushahidi upo lakini ni mwembamba.

Sababu mojawapo ya wembamba huo ni pesa. Mwaka 1996 Bunge liliikataza CDC, taasisi ya taifa ya kudhibiti magonjwa, kutumia fedha kuhimiza udhibiti wa bunduki, na likaipunguzia bajeti kwa dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichotumika kwa utafiti huo mwaka uliotangulia. Utafiti haukukatazwa kwa maneno, lakini ujumbe ulifika. Fedha maalumu zilirudi kwenye bajeti ya 2020: dola milioni 25.

## Nchi nyingine

16. Australia walifanyaje, na Marekani haiwezi kuiga?

Watu 35 waliuawa Port Arthur 28 Aprili 1996. Ndani ya wiki mbili serikali na majimbo yote yalikubaliana: bunduki ndefu za nusu otomatiki na shotigani za pampu zibanwe, kila silaha isajiliwe, mnunuzi asubiri siku 28, na aonyeshe sababu ya kweli. Kujilinda si sababu. Bunduki zipatazo 650,000 zilinunuliwa na serikali na kuharibiwa. Ilibidi kulipa, maana katiba yao inadai fidia ya haki kwa mali inayotwaliwa. Fedha zilitoka kwenye tozo ya mara moja ya 0.2% ya mapato.

Vifo vya bunduki vilishuka. Vilikuwa vimeanza kushuka kabla, na wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya mshuko inatokana na sheria.

Kuiga moja kwa moja kuna vizuizi viwili: hukumu zilizo kwenye swali la 13, na hesabu iliyo kwenye swali la 4. Kukusanya 650,000 zenye wenyewe wanaojulikana na kukusanya mamilioni yasiyo na daftari ni kazi mbili tofauti.

17. Mbona Uswisi wana bunduki nyingi na amani?

Wana nyingi kwa sababu ya jeshi la wananchi: askari huweka silaha yake nyumbani. Lakini risasi za kijeshi zilianza kuondolewa majumbani 2007, kununua silaha za aina nyingi huhitaji kibali, na kibali cha kutembea nayo mjini ni adimu. Mei 2019 wapiga kura, 63.7%, walikubali kubana zaidi za nusu otomatiki. Anayeitaja Uswisi dhidi ya udhibiti anataja nchi yenye udhibiti.

18. Uingereza, New Zealand na Japani?

Uingereza ilipiga marufuku karibu bastola zote 1997, baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa Dunblane. New Zealand ilibadili sheria Aprili 2019, chini ya mwezi mmoja baada ya watu 51 kuuawa Christchurch; bunge lilipiga 119 kwa 1. Japani humpitisha mwombaji kwenye darasa, mtihani wa maandishi, mtihani wa shabaha, cheti cha daktari na polisi kukagua anapoihifadhi, na hata hivyo hapati bastola, bali shotigani, na baadaye pengine bunduki ya kuwindia. Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani wa Japani, aliuawa Julai 2022 kwa silaha iliyotengenezwa nyumbani, jambo ambalo hutumiwa kusema sheria hazisaidii. Aliyemuua alilazimika kuitengeneza kwa sababu hakuweza kuinunua.

## Mambo ya pembeni

19. Raia anaweza kumiliki bunduki otomatiki?

Anaweza, ikiwa ilisajiliwa kabla ya 19 Mei 1986. Sheria ya 1934 ilizitoza dola 200 na kudai usajili. Ya 1986 ikafunga daftari. Zilizobaki hazizaliani, hivyo bei zake ni makumi ya maelfu ya dola. Tangu Januari 2026 ushuru huo umefutwa kwa viwambo vya kuzuia sauti na kwa bunduki za mtutu uliofupishwa, lakini usajili wake umebaki, na otomatiki bado hulipiwa.

20. Kitako kinachoteleza kiliachiwa kwa nini?

Kitako hicho huiacha bunduki iteleze nyuma kwa mshindo wake na kurudi mbele kwa msukumo wa mkono, triga ikigonga kidole kilichotulia tena na tena. Kilitumika katika shambulio la Las Vegas 2017. ATF ikakiita otomatiki. Juni 2024 Mahakama ya Juu, 6 kwa 3, ilikataa: sheria inasema otomatiki ni risasi zaidi ya moja kwa tendo moja la triga, na hapa triga hutenda upya kila mara. Hukumu haikutaja Katiba kabisa. Bunge likitaka kukipiga marufuku, linabadilisha neno.

21. Na bunduki zisizo na namba?

Ni zile zinazounganishwa nyumbani kutoka vifurushi vyenye fremu ambayo haijamaliziwa. Kwa kuwa haikuhesabiwa kuwa "bunduki", iliuzwa bila ukaguzi wala namba, na ufuatiliaji wa swali la 8 haukuwa na pa kuanzia. Kanuni ya 2022 ilivihesabu vifurushi vya namna hiyo kuwa silaha, na Mahakama ya Juu iliikubali Machi 2025, 7 kwa 2.

22. Naweza kumnunulia mtu bunduki?

Zawadi ya kweli, kwa fedha zako, kwa mtu asiyezuiwa, ndiyo. Akikupa yeye fedha umnunulie, hapana, hata kama ni msafi. Mtu mmoja alimnunulia mjomba wake bastola ili apate punguzo la bei. Mjomba naye alipita ukaguzi bila tatizo. Mahakama ya Juu ilithibitisha hatia ya huyo aliyenunua 2014, kwa sababu kwenye Fomu 4473 alijiita mnunuzi halisi. Tangu 2022 kosa la kumnunulia mtu aliyezuiwa kumiliki silaha lina kifungo cha hadi miaka 15.

23. Mgeni anaweza kununua?

Mwenye ukazi wa kudumu anaweza, kwa masharti ya jimbo lake. Aliyeingia kwa viza ya masomo, utalii au kazi ya muda amezuiwa kwa kawaida, hata kuishika kwenye uwanja wa shabaha. Kuna misamaha, na unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na hati hana msamaha. Kosa hapa si faini: ni jinai, na hufuatwa na kufukuzwa nchini.

24. Bangi imeruhusiwa jimboni kwangu. Inanihusu?

Inakuhusu. Sheria ya shirikisho bado inamhesabu mtumiaji wa bangi kuwa mtumiaji haramu, na Fomu 4473 ina onyo linalosema hivyo waziwazi, liwe jimbo limeruhusu au la, iwe kwa tiba au starehe.

25. Waathirika wanaweza kuishitaki kampuni?

Sheria ya 2005 huwakinga watengenezaji na wauzaji dhidi ya kesi za madhara yaliyofanywa na mhalifu kwa bidhaa isiyo na kasoro. Ina mianya yake: kampuni ikivunja sheria ya mauzo au matangazo kwa kujua, kinga inaweza kuanguka. Familia za Sandy Hook zilipita hapo, wakidai matangazo ya Remington, mtengenezaji wa bunduki, yalivunja sheria ya biashara ya Connecticut, na Februari 2022 bima za kampuni hiyo zilikubali kulipa dola milioni 73. Mexico ilijaribu njia inayokaribiana dhidi ya watengenezaji wa Marekani. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliikatalia, majaji wote tisa.